Taa ilituliza fizi zangu kwa wiki moja, kisha damu ikarudi

Shikamoo Daktari,

Nina miaka 23 na huu ni mwezi wa tisa tangu nivishwe waya za meno. Kwa hesabu ya daktari anayenipanga meno nimebakiza mwaka mmoja hivi. Mwanzo ulikuwa mzuri. Ukiacha yale maumivu ya siku mbili tatu kila nikikazwa, sikuwa na la kulalamikia. Mwezi wa nne nikaanza kuona povu la mswaki limegeuka rangi ya waridi. Kufika mwezi wa sita haikuwa waridi tena, ilikuwa damu. Leo fizi zimevimba hadi zinataka kumeza vile vibati vilivyogundishwa kwenye meno, na pabaya zaidi ni juu kulia, kwenye gego lililovishwa pete. Pale hata ulimi ukigusa nasikia maumivu, na asubuhi naamka na ladha ya chuma mdomoni.

Nitasema kweli kwa kuwa hunioni usoni: upande huo siku hizi siupigi mswaki sawasawa. Kila nikijaribu inatoka damu, nikaona najitonesha bure, bora niuache upoe kwanza. Nasukutua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni.

Wiki sita zilizopita kliniki waliniambia wana tiba ya mwanga kwa watu wenye waya. Nililazwa kitini, wakanisafisha meno kwanza kwa kile kimashine kinacholia na kumwaga maji, kisha wakanivalisha miwani ya giza na kunipitishia kijiti chenye taa nyekundu, ufizi baada ya ufizi, kama dakika kumi. Sikuhisi chochote, hata joto. Lakini Daktari, matokeo niliyaona! Siku ya pili uvimbe ulikuwa umepungua. Siku ya tatu nilipiga mswaki kushoto bila tone la damu, na hata kulia palitulia. Nikajua nimepona. Wiki ya pili haijaisha, kulia damu ikarudi kama mwanzo. Kushoto si pabaya sana hadi leo.

Nilipowarudia wakasema kipindi kimoja hakitoshi, nahitaji vinane, na bei yake si ya mtu wa kipato changu. Binamu yangu akaniambia nisipoteze pesa, akaniagizia mtandaoni kifaa cha kung'ata chenye vitaa vyekundu na vya bluu. Kwenye boksi wameandika kinaua bakteria, kinaponya fizi na kinang'arisha meno. Nilikitumia usiku tano, dakika 20 kila usiku. Sikuona badiliko, nikaongeza hadi dakika 40. Bado. Sijui kama inahusu, lakini pia ninameza doksisaiklini ya chunusi, mwezi wa pili sasa, na karatasi ya dawa inasema nijihadhari na jua.

Je, mwanga unatibu fizi kweli au nilichezewa akili? Nikope nilipie hivyo vipindi vinane, au niendelee na hiki kifaa? Na kinachoninyima usingizi hasa: wanaweza kunivua waya kabla ya wakati?

Fizi Zimenichosha


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu, nikapigia mstari maneno matatu ambayo wewe uliyapitia mbio: "wakanisafisha meno kwanza".

Kabla taa haijawashwa, kuna mtu alikaa akakukwangulia kila kilichoganda kando ya fizi zako, chini ya waya na kuzunguka vibati, mahali ambapo mswaki wako haufiki, pamoja na upande mmoja ulioacha kuupiga mswaki kwa hiari yako. Ndipo ikaja taa, nyekundu, na miwani yake. Siku ya tatu ulipoona nafuu, sifa zote ukampa aliyefika mwisho.

Sisemi taa haikufanya lolote, nitaifikia. Tuanze na kalenda yako, kwa sababu inasema mengi kuliko ulivyokusudia.

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Denmark walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa udaktari wa meno bado wanalisoma. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Ukoga ukajijenga. Kati ya siku ya 10 na ya 21 kila mmoja wao alikuwa na fizi zilizovimba. Kisha wakaruhusiwa kurudia usafi, na baada ya wiki moja hivi fizi zikawa kama zilivyokuwa. Hapakuwa na taa wala sindano.

Sasa weka hadithi yako kando ya hiyo. Ulisafishwa, ukapata nafuu siku chache baadaye, na wiki ya pili ikielekea ukingoni damu ikarudi. Hiyo ndiyo saa ya ukoga inavyotembea. Tena umeniletea ushahidi mwingine bila kujua. Taa ilipita kushoto na kulia, kijiti kile kile, siku ile ile. Mswaki uliendelea kupita kushoto peke yake. Damu ilirudi wapi?

Watu wengi hudhani ukoga ni mabaki ya chakula, na ndiyo maana wanaamini kusukutua kunatosha. Ungekuwa mabaki, maji ya chumvi yangekuwa yameshakuponya. Ukoga ni utando wa bakteria hai walioshikamana kwenye jino kama ule utelezi wa ndani ya pipa la maji lisiloguswa muda mrefu: ukimwaga maji utelezi unabaki, mpaka uusugue. Ukikaa kando ya ufizi, mwili unauchukulia kama uvamizi. Damu nyingi inaletwa pale, mishipa midogo inatanuka na kuwa dhaifu, ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, na ukiguswa kidogo unavuja. Waya hazileti ugonjwa huu. Kazi yake ni kuwapa bakteria vichochoro: kila kibati kina kona nne, na chini ya waya kuna kivuli ambacho mswaki wa kawaida huruka juu yake.

Kwa hiyo damu unayoiona haitokani na mswaki kuuchubua ufizi. Inatoka kwa sababu ufizi ulikuwa umeshavimba kabla mswaki haujafika. Umeogopa kuutonesha, ukauacha, nao ukavimba zaidi, ukazidi kutoka damu, ukazidi kuogopa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nisamehe kwa methali, lakini sijapata inayoukaa ufizi wako vizuri kuliko hii.

Na hiyo doksisaiklini uliyosema hujui kama inahusu, inahusu sana, ingawa si kwa njia uliyofikiri. Hiyo ni antibiotiki. Umemeza dawa ya kupambana na bakteria kwa zaidi ya mwezi mmoja na fizi bado zinavuja. Bakteria wakishajenga utando, dawa iliyo ndani ya damu inahangaika kuwafikia, na hata wachache wakifa wengine wanajenga upya kesho yake. Kama kidonge hakikuwamaliza, usitegemee kitaa cha kung'ata kitawamaliza.

Haya, taa yenyewe.

Tiba hii haikuzuka juzi kwenye matangazo. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960. Miaka michache baadaye, mwaka 1967, daktari mmoja wa Budapest, Endre Mester, aliwanyoa panya manyoya ya mgongoni na kuwamulika kwa leza dhaifu, akitaka kujua kama ingewasababishia saratani. Saratani haikutokea. Kilichotokea ni kwamba waliomulikwa waliota manyoya haraka kuliko wenzao. Kutoka hapo wakaanza kuijaribu kwenye vidonda, viungo vinavyouma, na baadaye mdomoni.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Mwanga mwekundu, wa nanomita 630 hadi 660 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na ule unaofuata ambao jicho halioni vizuri au halioni kabisa, wa 800 na kitu, hupenya ngozi laini ya mdomo na kufyonzwa ndani ya seli, kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati. Kimeng'enya kimoja pale huchangamka, seli ikapata nishati zaidi, na kemikali zinazochochea uvimbe zikapungua. Haukuunguzi na haukukati, ndiyo maana hukuhisi joto. Eneo moja ambako umepata heshima ya kweli ni kwa wagonjwa wa saratani: wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo, na wanaopandikizwa uboho, hupata vidonda vikali mdomoni, na miongozo ya kimataifa inapendekeza tiba hii kuvizuia. Kwa hiyo hukuchezewa akili. Kuna kitu pale.

Tatizo ni kazi uliyoipa. Mwanga mwekundu unaweza kusaidia kutuliza ufizi uliovimba. Kuondoa ukoga hauwezi, na kwa kipimo hicho peke yake hauui bakteria. Ni sawa na jirani anayekuja kuwabembeleza watoto wanaolia huku mwizi bado yumo chumbani. Ni msaada, ndiyo, ila mwizi hajatoka. Tafiti zilizofanywa kwa wenye waya na uvimbe wa fizi zipo, nyingi ni za watu wachache na majuma machache, kila moja na kipimo chake cha mwanga, na zile zilizoona manufaa kwa kawaida zilitoa mwanga juu ya usafi, si badala yake. Mimi nikizisoma naona msaidizi, tena msaidizi wa muda.

Usichanganye na ndugu yake anayefanana naye. Kuna tiba nyingine ambapo unapakwa kwanza rangi kwenye ufizi, mara nyingi ya bluu iitwayo methilini bluu, halafu unamulikwa. Rangi ile ikikutana na mwanga huzalisha oksijeni kali inayowaua bakteria walioinywa. Hiyo ndiyo inayoweza kudai kuua. Wewe hukutaja rangi yoyote, na ungepakwa ungekumbuka, kwa maana ulimi hubaki wa bluu. Nayo pia huja baada ya kusafisha.

Kuhusu kile kifaa cha binamu, nakuomba ukiweke kabatini. Kwanza, kipimo. Mwanga hupimwa kama dawa. Taa ya miliwati 100 ikishikwa sekunde 40 juu ya sentimita moja ya mraba inaacha pale jouli 4 za nishati. Ukijua nguvu na eneo unaweza kupiga hesabu, usipojua unabahatisha. Angalia boksi lako kama limeandika nguvu ya kila kitaa, au limeandika tu idadi ya vitaa na picha ya msichana anayecheka. Pili, katika tiba hii kuongeza si kuboresha. Kipimo kidogo mno hakifanyi kitu, cha wastani huchangamsha seli, kikizidi kinaweza kuzidumaza. Kutoka dakika 20 kwenda 40 kwa sababu hukuona badiliko ni kosa ambalo hata wagonjwa wa vidonge hulifanya, na vidonge angalau vinaisha kwenye chupa.

Tatu, mwanga wa bluu. Ni kweli kwamba baadhi ya bakteria wa fizi, akiwemo Porphyromonas gingivalis, hubeba rangi za asili zinazowafanya waumizwe na mwanga wa bluu maabara. Lakini mdomoni mwako wamejificha nyuma ya vibati na chini ya pete, na mwanga haupindi kona. Kilichouza kifaa hicho ni neno "kinang'arisha". Ukiwa na waya usijaribu kung'arisha meno hata kidogo. Dawa ya kung'arisha huenda isifike sawasawa chini ya kibati, siku unavuliwa waya unaweza kubaki na miraba ya rangi tofauti katikati ya kila jino, na jeli yake huwasha fizi ambazo tayari zimechubuka.

Juu ya doksisaiklini na jua: onyo lile linahusu zaidi mionzi ya urujuanimno, ambayo taa nyekundu haina, kwa hiyo usishtuke ukidhani umejiunguza. Lakini mtu yeyote anayetaka kukumulika anapaswa kukuuliza kwanza dawa unazomeza, kama una kifafa, kama una ugonjwa wa ngozi unaochochewa na mwanga, na kukuangalia mdomoni kama hakuna kidonda kisichoeleweka. Hukuniambia kama walikuuliza. Kama hawakukuuliza, hilo linanisumbua kuliko bei yao. Miwani walikupa, nawapa alama moja.

Sasa nije kwenye gego lako la juu kulia, ambalo nadhani ndilo shida kubwa na hakuna aliyeligusa. Fizi zikivimba mdomo mzima, lawama ni ya usafi au mwili kwa ujumla. Pakivimba mahali pamoja kuliko kwingine, tena penye pete, mimi hutafuta kitu mahali hapo. Pete huenda imeshuka na ukingo wake unachimba ufizi. Huenda saruji ya kuigundishia ilibaki kipande chini ya ufizi, ngumu na yenye mikwaruzo, ikikusanya ukoga saa zote. Au imelegea: ukiibonyeza kwa kidole ikacheza au ukasikia majimaji yenye harufu, ina maana bakteria wameingia ndani yake na jino linaanza kuoza gizani. Hakuna taa duniani inayoondoa kipande cha saruji. Kukiondoa ni kazi ya dakika chache kitini.

Mengine nitayapita haraka. Mzio wa nikeli iliyo kwenye waya upo lakini ni nadra, na huleta wekundu sehemu nyingi, mara nyingi pamoja na midomo kupasuka au upele, si gego moja. Ujauzito huongeza uvimbe wa fizi. Kisukari kisichodhibitiwa pia. Dawa za kifafa aina ya fenitoini, za presha kama nifedipini na amlodipini, na siklosporini wanayotumia waliopandikizwa viungo, huweza kukuza fizi zenyewe. Doksisaiklini haimo katika kundi hilo. Ukiona damu puani, michubuko isiyo na sababu mwilini, au uchovu mkubwa pamoja na fizi kuvuja, achana na mimi, nenda ukapimwe damu.

Usiku wa leo fanya hivi. Anza na upande wa kulia, wakati bado una subira. Watu wengi huanza kule kunakowafurahisha na kufika penye shida wakiwa wamechoka. Chukua mswaki laini, uulaze kwa pembe ya nyuzi 45 nywele zikielekea kwenye ufizi, utetemeshe pole pole pale ufizi unapokutana na jino. Kisha mstari wa pili, nywele zikitazama kibati kutoka juu. Wa tatu, kutoka chini. Halafu kiburashi kile chembamba cha katikati ya meno, ukipitishe chini ya waya kati ya kibati na kibati, na kuizunguka pete. Kizuri kipatikane cha ukubwa unaoingia bila kulazimisha. Mwombe daktari akuchagulie, kwa sababu kikiwa kidogo mno unacheza tu. Kifaa cha kurusha maji kinasaidia kama unacho, lakini hakichukui nafasi ya kiburashi. Dawa ya meno iwe na floraidi, sehemu 1,350 hadi 1,500 kwa milioni, uteme povu bila kusuuza sana. Hilo si kwa ajili ya fizi peke yake: ukoga huohuo unaweza kuanza kuacha alama nyeupe kwenye meno ndani ya wiki nne tu, na hizo huwa hazifutiki kirahisi kama uvimbe.

Damu itatoka. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usiache. Kati ya siku ya saba na ya kumi inapaswa iwe imepungua wazi. Ukitaka kujidhibiti mwenyewe, tafuta vidonge vya rangi vinavyopaka ukoga; ukitafuna kimoja baada ya kupiga mswaki utaona ulichokiacha, na nakuonya, mara ya kwanza inatia aibu. Nimewahi kukijaribu mwenyewe, mimi ninayefundisha watu, na nikafurahi kwamba hapakuwa na mtu karibu.

Maji ya chumvi endelea nayo kama yanakupa faraja. Daktari akikupa klorheksidini ya kusukutua, itumie kwa muda aliokuambia, mara nyingi wiki mbili, si miezi, kwa sababu inaacha madoa ya kahawia na kubadilisha ladha ya chakula, na usiitumie papo hapo baada ya dawa ya meno, maana zinapunguzana nguvu. Ipe nusu saa.

Vipindi vinane? Usikope. Rudi kliniki ukawaulize kwa upole: taa yenu ni ya nanomita ngapi, mnatoa jouli ngapi kila sehemu, na je, kabla ya kila kipindi mnanisafisha? Jibu la swali la tatu ndilo ninalolitaka. Wakisema ndiyo, waombe wakuuzie usafi peke yake, taa wabaki nayo. Wakisema hapana, basi wanataka kumulika juu ya ukoga, na huo ni upotevu wa umeme. Waulize pia kama watapima idadi ya sehemu zinazotoka damu leo na baada ya matibabu, kwa namba, kwenye faili. Kama baada ya wiki mbili za usafi wa kweli na kurekebishwa pete bado kuna uvimbe unaouma, na una uwezo, kipindi kimoja au viwili vya mwanga siwezi kukuzuia. Watakuambia pia kwamba mwanga unaharakisha meno kusogea ili uvuliwe waya mapema. Ushahidi wa hilo bado ni dhaifu, usilipie ndoto hiyo.

Kuna uwezekano kwamba ufizi uliokwisha kupanda juu ya vibati hautashuka wote hata ukisafika. Hapo daktari anaweza kuupunguza, kwa kisu au kwa leza, chini ya ganzi. Hiyo leza inakata, si ile ya kutuliza, kwa hiyo ukisikia neno leza uliza ipi. Na hukatwa baada ya uvimbe kwisha, la sivyo nyama inaota tena.

Kuvuliwa waya. Naelewa kwa nini hulali. Kwa fizi zilizovimba tu, mfupa ukiwa salama, hatua ya kawaida ni kusimama kidogo: daktari anaondoa waya wa kati kwa wiki kadhaa na kuacha vibati mahali pake, ili upate nafasi ya kusafisha, kisha anaendelea. Huo si mwisho wa safari. Kinachomfanya daktari avue kila kitu ni kuona mfupa unaoshika meno unaliwa, kwa sababu kusogeza meno katika ufizi wenye ugonjwa hai kunaharakisha kuupoteza, na mfupa haurudi kama ufizi unavyorudi. Ili ajue uko upande gani, lazima apime kina cha mfuko kati ya jino na ufizi kwa kile kijiti chenye alama za milimita, na kama ana shaka apige eksirei. Milimita 3 au pungufu ni sawa. Ukisikia anataja 5 na 6, muulize kama ni ufizi uliovimba kwenda juu au mfupa ulioshuka, maana kipimo kimoja kinaweza kumaanisha yote mawili na jibu lake hubadilisha mpango mzima. Kwa umri wako na kwa jinsi kushoto palivyotulia kirahisi, mimi ningeweka dau langu kwenye ufizi. Lakini dau si kipimo.

Mwambie pia kwamba upande wa kulia uliacha kuupiga mswaki. Umeniambia mimi kwa sababu sikuoni. Yeye anakuona kila mwezi, na nina hakika ameshajua, anangoja tu useme. Usisubiri siku ya kukazwa. Piga simu kesho asubuhi, sema una pete inayouma juu kulia, na uende nacho kile kiburashi ili akuonyeshe kinavyopita nyuma yake.